Safari ya wawili kwa fedha kidogo: hesabu ya Himbi na hesabu ya Ulaya

Safari ya fedha kidogo, ile ya begi mgongoni na rafiki mmoja wa kuongozana naye, haifanikishwi na ubahili wa msafiri peke yake. Inategemea vitu vitatu ambavyo hana mamlaka navyo: mpaka unaopitika, chombo cha usafiri chenye saa na bei inayojulikana, na kitanda cha bei ya chini katika mji asikomjua mtu. Ulaya Magharibi ilivijenga vyote vitatu ndani ya karne moja, ndiyo maana vijana wake wawili huweza kupita nchi nyingi kwa mwezi mmoja bila kufilisika. Kwa vijana wawili wa Himbi, mtaa wa Goma ulio kando ya Ziwa Kivu kwenye njia ya kuelekea Keshero na Sake, vitu hivyo vipo nusunusu. Mpaka uko karibu, lakini hufungwa na kufunguliwa bila taarifa. Basi lipo, ila ng'ambo. Kitanda mara nyingi ni cha shangazi. Hata hivyo safari hufanyika, na ina hesabu yake.

Huko Ulaya, kitanda ndicho kilichotangulia. Mwaka 1912 mwalimu wa Kijerumani Richard Schirrmann alifungua hosteli ya kudumu ya vijana katika ngome ya Altena: chumba cha vitanda vingi, malipo madogo, na wageni wanaojifanyia kazi ndogondogo wenyewe. Reli ikafuata. Tiketi ya Eurail ilianza mwaka 1959 kwa wageni wanaoishi nje ya bara hilo. Interrail ilianza 1972 kwa vijana wa Ulaya kwenyewe, wasiozidi miaka 21, ikimruhusu msafiri kulipa mara moja na kupanda treni nyingi. Mpaka ulikuja mwisho. Mkataba wa Schengen ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, ukaanza kutekelezwa tarehe 26 Machi 1995, na sasa unahusu nchi 29. Mtu akishaingia katika mojawapo, huzunguka zilizobaki kwa viza ileile kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180.

Shida ya mtu wa Himbi iko katika maneno hayo, “akishaingia.” Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ilipanda mwezi Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Pamoja na ada hutakiwa bima ya afya ya safari inayofikia euro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, na ushahidi kwamba mwombaji ana sababu ya kurudi kwao: kazi, masomo, familia. Kijana anayeuza kadi za simu au aliyemaliza chuo bila kuajiriwa huanza kushindwa hapo, hata akiwa na fedha za safari mfukoni. Maombi yenyewe hupokelewa Kinshasa, mji ulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, usiofikika kwa barabara ya maana wala kwa reli. Kwa hiyo kabla ya senti moja kutumika Ulaya, tiketi mbili za kufika Kinshasa zimeshalipwa, na malazi ya Kinshasa ya wiki kadhaa juu yake. Tena mlango huo nao hutikiswa na siasa: mwaka 2018 ofisi ya pamoja ya viza, Maison Schengen, ilifungwa kwa amri ya serikali ya Kongo katikati ya ugomvi wake na Ubelgiji.

Kwa watu wawili hesabu huwa mbaya zaidi, kwa kuwa konsuli hajui urafiki. Mafaili mawili huamuliwa kila moja peke yake. Mmoja anaweza kupata viza na mwenzake akanyimwa, na safari iliyopangwa kwa chumba kimoja na gharama za kugawana ikavunjika bila ada kurudi. Wazungu wawili wanaopanga safari ya Ulaya hugombana juu ya ratiba. Wakongomani wawili huanza kwa kujiuliza kama watakuwa wawili.

Wanaofanikiwa, kwa kawaida hawalali hosteli. Mgeni kutoka Goma hupokewa na ndugu: Brussels katika mtaa wa Matonge huko Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, au Paris karibu na Château Rouge ambako vyakula vya Kikongo huuzwa kando ya barabara. Ila ukarimu huo umegeuzwa kuwa hati. Nchini Ubelgiji mwenyeji hutia saini ahadi ya kugharamia mgeni, huonyesha kipato chake, na hubeba dhamana ya kisheria mgeni asiporudi. Binamu aliyezoea kusema “karibu nyumbani” analazimika kwanza kwenda manispaa na karatasi zake za mshahara, na wengi wenye kazi za vibarua hawawezi. Ulaya basi, kwa anayetoka Himbi, ni nyumba ya kodi ndogo yenye mlango wa bei kali.

Ndiyo sababu safari halisi ya vijana wengi wa Goma haielekei kaskazini. Huelekea mashariki: Gisenyi, Kigali, Kampala, Nairobi, na wenye subira hadi Mombasa au Dar es Salaam. Si safari ya pili kwa ubora. Kutoka Himbi hadi Bahari ya Hindi kupitia Kampala na Nairobi ni takriban kilomita 1,800 za lami karibu yote, na ajabu ya jiografia ya Kongo ni kwamba kufika Mombasa kwa basi ni rahisi kuliko kufika mji mkuu wa nchi yenyewe.

Katika njia hii karatasi huja kwanza, na kuna ngazi tatu. Ya chini ni jetoni, kipande cha karatasi kinachotolewa mpakani kwa wakaaji wa Goma na wa Rubavu, wilaya ya Rwanda ulipo mji wa Gisenyi, hasa pale kwenye kivuko cha Petite Barrière, ambako kabla ya corona makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku, wengi wao akina mama wauzaji. Jetoni hutosha kwenda sokoni na kurudi jioni. Kwa safari haitoshi. Ya kati ni lesepase ya CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu iliyoundwa na Zaire, Rwanda na Burundi mjini Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Jumuiya ilizorota kwa vita vya miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2007, lakini kijitabu chake kiliendelea kuheshimiwa kuliko jumuiya yenyewe, na bei yake ndogo imewavusha watu wengi. Upungufu wake ni kwamba kinaishia Kigali na Bujumbura. Anayetaka kuona Kampala anahitaji ngazi ya tatu, pasipoti.

Pasipoti ya Kongo ina historia inayoeleza kwa nini vijana wengi hawanayo. Mkataba wa mwaka 2015 na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji uliifanya iuzwe dola 185, mojawapo ya bei kubwa kabisa duniani. Baadaye ilishushwa hadi dola 99. Hata kwa bei hiyo ya pili, vitabu viwili vilikuwa dola 198, na hiyo ilikuwa kabla ya “kusukuma faili,” malipo ambayo hayaandikwi popote. Kwa vijana wawili wenye bajeti ya mwezi, karatasi inaweza kuzidi nauli zote za kwenda. Faraja iliyopo ni kwamba kikishapatikana kijitabu, milango mingi hufunguka bila ada. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili mwezi Julai mwaka huo. Mwaka 2023 Kenya na Tanzania zikaondoa viza kwa Wakongomani, na Uganda ikafuata. Kabla ya hapo viza moja moja zilikula fedha ya chakula cha wiki nzima. Bado pengo lipo: tangu 2014 Mnyarwanda, Mganda na Mkenya huvuka mipaka yao mitatu kwa kitambulisho cha taifa tu, wakati Mkongomani, ambaye kitambulisho chake cha kila siku ni kadi ya mpiga kura, hawezi kufanya hivyo. Kadi ya manjano ya chanjo nayo iwe mkononi. Ikikosekana, mpakani huwa chanzo cha mazungumzo marefu.

Uhakika wa mipaka yenyewe ni jambo jingine, na pengine ndilo zito kuliko bei. Rwanda ilifunga mpaka wa Goma kwa saa kadhaa tarehe 1 Agosti 2019 kwa sababu ya Ebola. Machi 2020 ukafungwa kwa corona. Katuna, njia fupi ya Kigali na Kampala, ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022, na kwa miaka hiyo karibu mitatu msafiri alilazimika kuzunguka kwa njia nyingine. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi Petite Barrière, upande wa Goma ulianza kufunga saa tisa alasiri. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kijana wa Ulaya anayepanga safari hulinganisha bei za treni. Wa Himbi hupanga njia mbili kwa kila mji, na huweka akiba ya kulala siku moja mahali ambapo hakukusudia.

Ziwa ndilo njia ya kwanza ambayo wengi huijaribu, kabla hata ya kufikiria nchi za nje. Kati ya Goma na Bukavu kuna boti za mwendo kasi zinazomaliza safari kwa takriban saa tatu, na meli kubwa zinazosafiri usiku kucha. Boti ya kasi ina viti na bei ya watu wa mashirika. Meli ya usiku ndiyo ya msafiri wa fedha kidogo, maana nauli ya daraja la chini humpa pia mahali pa kulala. Huko chini hakuna siri: magunia yamejaa hadi dirishani, mama amelaza mtoto juu ya bunda la vitenge, ndoo za sambaza, dagaa wa ziwani, zinanukia, na vijana wawili waliowahi mapema wamejipatia pembe ya ukuta ambapo mmoja atalala huku mwenzake akikalia mabegi. Waliochelewa husimama hadi Idjwi.

Bei hiyo ndogo ina upande wake wa giza. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukweni, na makumi ya abiria wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na ilijaa kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake na Minova. Katika ajali ya Aprili 2019 kwenye ziwa hilohilo, watu wapatao 150 walitangazwa kuwa hawajulikani walipo. Kupunguza gharama kuna kikomo chake, na kwenye Ziwa Kivu kikomo hicho ni jaketi la kuokolea: chombo kisichokuwa na jaketi kwa kila abiria hakipandwi, hata kikiwa nusu bei. Anayeogopa maji ana njia ya nchi kavu kupitia Rwanda, barabara ya lami inayofuata ziwa kutoka Rubavu kupitia Karongi hadi Rusizi, kisha mguu mmoja tu hadi Bukavu.

Barabarani, Rwanda ndiyo inayokaribia mfano wa Ulaya. Nauli hupangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, tiketi huwa na saa, na basi huondoka saa hiyo hata likiwa na viti vitupu. Kutoka Gisenyi hadi kituo cha Nyabugogo mjini Kigali ni kama kilomita 155, saa tatu na nusu za kona. Kigali hadi Kampala ni karibu kilomita 500, Kampala hadi Nairobi zaidi ya 600, na katika vipande vyote viwili mabasi ya usiku ndiyo chaguo la wenye akili: nauli moja, usiku mmoja bila gesti. Anayeelekea Dar es Salaam hupita Rusumo na Kahama. Njia hiyo ilikuwa na gharama iliyofichika, kwa kuwa kwa miongo kadhaa Tanzania ilikataza mabasi kusafiri usiku na abiria walilazimika kulala njiani. Katazo liliondolewa mwaka 2023.

Treni huanza kuwa na maana karibu na pwani tu. Daraja la kawaida la treni ya Nairobi hadi Mombasa, iliyozinduliwa Mei 2017, lilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 za Kenya, na bado hushindana na basi kwa bei na kulishinda kwa usalama. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kwa shilingi 31,000 za Tanzania daraja la kawaida. Hakuna tiketi moja inayounganisha reli hizo mbili, wala haionekani itakuja karibuni. Msafiri wa Maziwa Makuu hununua kila kipande peke yake, na kila kipande kina dalali wake.

Malazi ni sura ambayo eneo hili limeishinda Ulaya bila kujenga ngome. Karibu kila familia ya Himbi ina mtu Kigali, Kampala au Nairobi. Vita vya miaka thelathini vimewatawanya ndugu katika miji yote iliyo njiani. Kampala, Wakongomani wengi wamekaa Katwe na Nsambya, na Nairobi wako Kayole na mitaa ya jirani. Mgeni hupewa godoro sebuleni na sahani mezani. Halipi, lakini hafiki mikono mitupu: hubeba unga wa mihogo, makopo ya sambaza zilizokaushwa, kitenge kwa mama wa nyumba. Anaondoka kabla hajawa mzigo, kwani methali ya “mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe” inatumika hata ghorofani. Kwa wawili kuna adabu moja zaidi. Rafiki si ndugu wa mwenyeji, na kumleta bila kumtaja kwenye simu ni kosa ambalo shangazi atalisamehe mdomoni tu.

Pasipo na ndugu kuna nyumba za wageni za parokia na za masista, safi, zenye saa ya kufunga geti. Hosteli za YMCA kama ile ya Nairobi. Na gesti za karibu na vituo vya basi, ambazo bei yake huambatana na kelele zake. Chakula hakihitaji maelezo mengi. Melanji ya Kigali, yaani sahani ya mchanganyiko, rolex ya Kampala, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, chapati na maharage ya kibandani Nairobi: popote njiani, sahani ya mchana ya mfanyakazi wa kawaida hushibisha, na anayekula hotelini amejitakia.

Fedha zenyewe zina mitego yake. Goma huishi kwa dola, lakini si kila dola. Kambisti, mbadilishaji fedha wa mpakani, huinua noti juani, hupitisha kidole gumba pembezoni mwake, na akikuta mchaniko hata wa upana wa ukucha huirudisha bila neno, au hutaja bei ya kuumiza. Noti za matoleo ya zamani nazo hukataliwa au hupunguzwa thamani. Kwa hiyo msafiri huanza kwa kuchagua noti nyumbani, huzihifadhi zimelala bapa ndani ya daftari, na hubadilisha kidogokidogo katika kila nchi badala ya kugeuza faranga ya nchi moja kuwa shilingi ya nyingine mara nne na kupoteza kila mara. Tangu benki za Goma zilipofungwa baada ya mji kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, fedha ya simu na noti za mkononi zimebeba karibu mzigo wote, na kutoa fedha taslimu kwenye simu kumekuwa na makato yake.

Hapa ndipo thamani ya mwenzi inapoonekana, nayo si ile ya Ulaya. Katika hosteli ya Ulaya kitanda hulipiwa kwa kichwa, hivyo rafiki hapunguzi gharama. Kazi yake ni kampani. Kwenye gesti za Afrika Mashariki chumba ndicho kinacholipiwa, na wawili hulala kwa nusu. Moto, yaani pikipiki ya abiria, hubeba wote wawili pamoja na mabegi, sheria ikisema lake na dereva lake. Fedha hugawanywa mifuko miwili, ili mwizi wa Nyabugogo au wa River Road ya Nairobi asimalize safari kwa mkono mmoja. Mmoja hupanga mstari kwenye dirisha la DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, mwingine hulinda mizigo. Lugha nazo hugawanywa: anayejua Kinyarwanda huongoza hadi Katuna, mwenye Kiingereza huchukua kutoka hapo, na Kiswahili cha wote wawili huwapokea Kenya, ambako wenyeji hucheka lafudhi kidogo kisha hutaja bei ileile.

Gharama za uwili nazo zipo. Afisa mwenye shaka na mmoja huwachelewesha wote, na basi haliwasubiri. Mwenye fedha zaidi polepole hugeuka mkopeshaji, kisha mkuu wa safari. Dawa inayofanya kazi ni ya kizamani: mfuko wa pamoja wa nauli, chumba na chakula, unaochangiwa sawa kabla ya kuondoka na kuandikwa na mmoja tu, huku mambo ya vocha, bia na zawadi kila mtu akijitegemea. Jambo la kuamuliwa mapema kuliko yote ni moja: mpakani mmoja akirudishwa, mwenzake ataendelea au atarudi naye? Wanaoliacha hadi Katuna huliamua wakiwa wamekasirika.

Kurudi kuna hesabu yake pia, ambayo bajeti nyingi huisahau. Basi la mwisho la mchana kutoka Kigali linaweza kufika Gisenyi wakati mpaka umeshafungwa, kwa kuwa saa za kufunga zimebadilika mara kadhaa tangu 2022 na hutangazwa zaidi kwa mdomo kuliko kwa karatasi. Himbi huonekana ng'ambo ya maji, lakini usiku huo hulipwa Gisenyi, kwa faranga za Rwanda. Wanaojua huondoka Nyabugogo kwa basi la alfajiri, huwapigia simu watu wa nyumbani kuuliza kama barieri iko wazi, na hubakiza akiba ya chumba kimoja isiyoguswa tangu siku ya kwanza.